Mabeki waliozipandisha timu za migodini

Jumapili ya Mei 8, 2016, Yanga walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara bila kugusa mpira. Jana yake walikuwa wameifunga Sagrada Esperança ya Angola 2-0 katika Kombe la Shirikisho, na siku hiyo walikuwa wakipumzisha miguu. Waliokuwa uwanjani ni watani wao, Simba, ndani ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na mgeni wao alitoka Kishapu. Jamal Mnyate akafunga bao moja, Simba wakashindwa kulirudisha, hesabu za ligi zikaishia hapo.

Mgeni huyo aliitwa Mwadui FC, na kocha wake alikuwa Jamhuri Kihwelo 'Julio'. Beki wa zamani wa Simba. Miaka mitatu tu kabla ya siku hiyo alikuwa kocha msaidizi wa Simba hiyohiyo. Utani wa mpira wetu una mengi, lakini mtu wa Msimbazi kuwapelekea watu wa Jangwani ubingwa mlangoni ni jambo lililozungumzwa kwa muda mrefu katika vibanda vya kuangalizia mpira, kuanzia Mhunze hadi Maganzo. Mwisho wa msimu Simba wakamsajili Mnyate mwenyewe. Walau walijua nani aliwaumiza.

Julio ni mmoja wa watu wawili ambao bila wao historia ya mpira wa ukanda wa almasi na dhahabu haiandikiki. Wa pili ni Fred Felix Minziro, beki wa kushoto wa Yanga wa miaka ya 1980, ambaye mashabiki wa umri wangu bado wanamwita Majeshi. Mmoja wa Simba, mwingine wa Yanga. Wote mabeki, wote wamepita kwenye kiti cha kocha msaidizi wa klabu kubwa, na wote walikuja kanda hii kufanya kazi ileile: kuichukua timu iliyo chini na kuipandisha daraja. Migodi ilitoa fedha, wao wakatoa ujuzi. Kuvuna ni habari nyingine, na ndiyo habari ya makala haya.

Mhunze ni makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Kolandoto kwenda Meatu. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, na mvua yake haiahidi kitu. Mwadui imo ndani ya wilaya hiyohiyo, upande wa Maganzo kwenye njia kuu ya Mwanza, lakini kwa miongo mingi mkulima wa Mhunze aliiona kama nchi ya watu wengine. Ilikuwa na uzio, geti, uwanja wa ndege, uwanja wa gofu na shule za watoto wa wafanyakazi. Almasi zilitoka kwa ulinzi. Kitu pekee cha Mwadui ambacho mtu wa nje angeweza kukidai kuwa chake ni timu ya mpira.

Mwamba wenyewe ulipatikana mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada aliyekuwa ametafuta kwa miaka huku fedha zikimwishia. Una ukubwa wa hekta 146, na miamba ya almasi mikubwa kama huo iliyowahi kuchimbwa duniani ni nadra mno. Mwaka 1947 ukatoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Williamson alifariki mwaka 1958, mgodi ukagawanywa kati ya De Beers na serikali ya kikoloni, baadaye ukataifishwa, miaka ya 1990 De Beers wakarudi na asilimia 75, na mwaka 2009 hisa hizo zikawa za Petra Diamonds. Wenye mgodi walibadilika. Timu ilibaki na jina la Mwadui.

Hilo halikuwa la Mwadui peke yake. Mpira wa Tanzania nje ya Dar es Salaam ulikua kwa mishahara ya mashirika: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, RTC Kagera, Pamba ya Mwanza, kisha viwanda vya sukari vya Mtibwa na Kagera. Mchezaji aliandikishwa kazini, akapewa nyumba na posho, jioni akaenda mazoezini. Mashirika yalipoanza kuuzwa na kufilisika, timu nyingi zilikufa nayo. Migodi ilikuwa mahali pa mwisho ambapo mtindo huo ungeweza kuendelea, kwa sababu mgodi hauwezi kuhamishiwa Dar es Salaam.

Mwaka 2015 Ligi Kuu ilikuwa inaongezwa kutoka timu 14 hadi 16, na nafasi nne za kupanda zikapatikana. Majimaji ya Songea, African Sports ya Tanga na Toto Africans ya Mwanza zilichukua tatu. Ya nne ilikwenda Mwadui ya Julio.

Kupanda kutoka Daraja la Kwanza ni kazi yenye sheria zake, na haifundishwi vizuri kwenye vyeti. Unasafiri usiku kucha kwa basi, unashuka kwenye uwanja ambao mpira ukidunda hujui utaelekea wapi, wenyeji wanakusubiri kwa kelele, na mwamuzi anajua atalala katika mji ule. Pasi fupi fupi hazikusaidii sana pale. Unahitaji kipa mwenye mikono ya uhakika, mabeki wawili wa kati wasio na aibu ya kuutupa mpira jukwaani, mtu mmoja wa mipira ya adhabu na mshambuliaji anayeridhika na nafasi moja kwa dakika 90. Mabeki wa zamani huijua lugha hiyo kwa sababu walilelewa ndani yake. Nadhani ndiyo maana orodha ya makocha wapandishaji wa Tanzania imejaa watu waliovaa namba mbili hadi tano.

Julio aliongeza kitu kingine: alipopanda hakuwaacha wakongwe. Aliwakusanya wachezaji waliokuwa wameachwa na Simba na Yanga, watu ambao Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuwazika, akawaleta Mwadui. Alikuwapo Athuman Idd 'Chuji'. Alikuwapo Jerry Tegete, ambaye baba yake, John Tegete, ni kocha aliyeifundisha Toto Africans. Alikuwapo Jabir Aziz, Shaaban Kado golini na David Luhende pembeni. Na alikuwapo Nizar Khalfan, aliyetoka Mtwara akacheza hadi Vancouver Whitecaps huko Kanada. Sijui kama kuna aliyemwambia Nizar kwamba kijiji alichofikia kilianzishwa na Mkanada. Mzunguko huo unanifurahisha mimi kuliko pengine ulivyomfurahisha yeye.

Wapo waliosema Julio amefungua nyumba ya wazee. Oktoba 2015 nyumba hiyo ya wazee ilitoka sare ya 2-2 na Yanga, kisha Mei ikaifunga Simba kwao. Desemba ya katikati Yanga walishamchukua Paul Nonga kutoka humohumo. Kwa timu iliyopanda juzi, huo ulikuwa msimu wa heshima.

Msimu huo Shinyanga ilikuwa na timu mbili katika Ligi Kuu. Nyingine ilikuwa Stand United, na kisa chake ni tofauti kabisa. Mwadui ilizaliwa ndani ya uzio. Stand ilizaliwa stendi ya mabasi ya mjini Shinyanga, kwa wapiga debe, mawakala na vijana wa mizigo, na jina lake la utani ni Chama la Wana. Ilipanda mwaka 2014. Mwaka uliofuata kampuni ya dhahabu ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi katika mkoa huohuo, ikaamua kuidhamini. Ghafla timu ya stendi ikawa na fedha ambazo klabu nyingi za Ligi Kuu zilikuwa hazijawahi kuziona, na ikamwajiri Mfaransa Patrick Liewig.

Liewig ndiye aliyekuwa kocha mkuu wa Simba mwaka 2013, na msaidizi wake siku hizo alikuwa Julio. Liewig aliondoka Msimbazi msimu ulipoisha, kiti kikaenda kwa Abdallah Kibadeni. Miaka miwili baadaye bosi na msaidizi wakakutana tena, safari hii kama majirani mahasimu, mmoja Uwanja wa Kambarage kwa fedha za dhahabu, mwingine Mwadui kwa fedha za almasi. Katika historia ya mpira wa Shinyanga sijui wakati mwingine ambapo mkoa ulikuwa na benchi mbili nzito namna hiyo.

Haukudumu. Mwaka 2016 Stand ilipasuka vipande viwili: wanachama waliosema timu ni yao tangu stendi, na upande wa kampuni uliosema klabu ya kisasa lazima iendeshwe kikampuni. Acacia ikajitoa. Ninawaelewa wanachama zaidi ya vile walivyoeleweka wakati ule, maana mtu aliyechangia nauli ya timu kutoka kwenye debe lake hawezi kuamka asubuhi akaambiwa yeye ni mtazamaji. Lakini ugomvi ule uliiacha Stand bila mwenye fedha wakati uleule ilipokuwa imejifunza kuishi kwa fedha. Ikashuka mwaka 2019.

Julio naye aliondoka Mwadui Oktoba 2016, akiwa amechoshwa na waamuzi, na akatangaza kwamba anaachana na ukocha wa ligi. Waliomfahamu hawakuamini, na walikuwa sahihi. Haukupita muda akaonekana Dodoma FC katika Daraja la Kwanza, akirudi kwenye kazi ileile ya basi la usiku na viwanja vya vumbi. Baadaye alikabidhiwa timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 20, Ngorongoro Heroes, akaifikisha kwenye fainali za Afrika nchini Mauritania mwaka 2021. Kinywa chake hakijawahi kupumzika, na waandishi wa michezo tunamshukuru kwa hilo.

Mwadui iliendelea kujishikilia. Oktoba 30, 2019, ikiwa uwanja wa Kambarage, iliifunga Simba 1-0 kwa bao la Gerald Mdamu, na hicho kikawa kipigo cha kwanza cha Simba msimu ule. Halafu ikaja Aprili 2020. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeua soko la almasi, na Petra wakausimamisha mgodi. Wakabaki walinzi na mafundi wa kuutunza tu. Mgodi haukurudi kuchimba hadi mwaka uliofuata. Katikati ya ukimya huo ulichezwa msimu wa 2020/21, Mwadui ikashika mkia, ikashuka. Siwezi kuapa kwamba mgodi ndio ulioishusha timu. Makocha walibadilishwa, na beki mwingine wa zamani wa Simba, Amri Said, aliikuta meli imekwisha kuinama. Ila kwa mtu aliyekuwa anaishi Maganzo mwaka ule, duka lililokosa wateja na timu iliyokosa mabao vilikuwa habari moja.

Mwezi uleule Mwadui ilipokuwa inashuka, kwenye upande wa pili wa ukanda huu kuna timu ilikuwa inapanda.

Geita ilikuwa mkoa mpya, uliozaliwa mwaka 2012, na mgodi wake mkubwa wa dhahabu, ulio chini ya AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000. Timu yake, Geita Gold, ilitaka Ligi Kuu kwa muda mrefu, na mara ya kwanza ilipokaribia kuipata ilijiharibia. Ilikuwa Februari 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Daraja la Kwanza. Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zinagombea nafasi moja kwa tofauti ya mabao. Geita ikaifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Hakuhitajika mpelelezi kutoka nje kuona kwamba kuna kitu hakiko sawa. Shirikisho la soka likazishusha timu zote nne, na nafasi ikaangukia Mbao FC ya Mwanza, ambayo pengine haikuwa imeshakunja hata jezi zake kwa mawazo ya Ligi Kuu.

Shika jina la kocha wa Mbao, maana litarudi. Kocha aliyeifundisha katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu alikuwa Mrundi Étienne Ndayiragije, na mwaka 2017 aliifikisha kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ambako ilifungwa na Simba 2-1 mjini Dodoma.

Sasa tumwendee Minziro.

Kabla hajafika Geita alikuwa amekaa miaka kwenye benchi la Yanga kama msaidizi, chini ya Mserbia Kostadin Papić, Mganda Sam Timbe, Mbelgiji Tom Saintfiet na Mholanzi Ernie Brandts. Ukitaka kujua ugumu wa kazi ile, angalia mtiririko wa majina hayo. Saintfiet alitwaa Kombe la Kagame mwaka 2012 na hakumaliza miezi mitatu Jangwani. Kila mgeni alipofika alileta daftari lake. Kila alipoondoka, aliyebaki na funguo za chumba cha vifaa na kumjua kila mchezaji, mama yake na deni lake alikuwa Minziro. Yanga ilishinda Kagame mara mbili mfululizo na ubingwa wa 2012/13 akiwa hapo. Kwenye picha za kombe utamwona, kwa kawaida pembeni.

Wamarekani wana utaratibu ninaouhusudu katika mchezo wao wa besiboli. Mrushaji mpira akistaafu, anaweza kuajiriwa afundishe warushaji tu, kazi moja, maisha yake yote, na akaheshimiwa kwayo bila mtu kumuuliza lini atakuwa kocha mkuu. Kwetu aliye na bahati hiyo ni kipa. Juma Pondamali 'Mensah', aliyekuwamo kwenye Taifa Stars iliyokwenda fainali za Afrika Lagos mwaka 1980, aliwafundisha makipa wa Yanga kwa miaka mingi, kama Idd Pazi alivyowafundisha wa Simba. Ujuzi wa golini una kiti chake. Beki wa kushoto hana kiti cha namna hiyo. Hakuna klabu inayomwajiri mtu awafundishe mabeki tu, hata kama anajua kuliko wote nchini jinsi ya kumsukumia winga nje kwenye chaki. Atakuwa msaidizi wa kila kitu, au atakwenda mikoani awe mkuu wa kila kitu.

Minziro alikwenda mikoani. Baada ya kuifundisha JKT Ruvu aliichukua Singida United, akaipandisha Ligi Kuu mwaka 2017. Singida ikapata wadhamini, ikamwajiri Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyekuwa ametoka kuipa Yanga ubingwa. Minziro akaenda KMC ya Kinondoni, akaipandisha mwaka 2018. KMC ikamwajiri Ndayiragije.

Ni haki kusema kwamba Ndayiragije hakuharibu. Msimu wa kwanza aliifikisha KMC nafasi ya nne na tiketi ya kimataifa. Ukiwa mwenyekiti wa KMC ungesema uamuzi ulikuwa sahihi, na nisingekubishia sana. Kupandisha timu na kuibakiza juu ni kazi mbili. Wapo makocha wanaoweza moja tu. Ninachobisha ni ile tabia ya kudhani, kabla ya mechi hata moja, kwamba aliyepandisha hawezi ya pili. Mgeni anajaribiwa kwa msimu, mwenyeji anahukumiwa kwa sura.

Mwaka 2021 Minziro aliipandisha Geita Gold, huku Mbeya Kwanza ikipanda kutoka kundi lingine. Miaka mitano baada ya ile aibu ya mabao manane, Geita ikaingia Ligi Kuu kwa mlango wa mbele. Mtu aliyekabidhiwa timu kwa msimu mpya alikuwa Ndayiragije.

Kwa mara ya pili Mrundi yuleyule akakalia kiti ambacho Minziro alikuwa amekipasha moto. Naye hakuwa mtu wa kubeza, kwani alikuwa ametoka kuifundisha Taifa Stars. Lakini Geita haikuwa KMC. Timu ilianza vibaya, ikakaa chini ya msimamo, na kufikia Novemba kibarua chake kikaota nyasi. Minziro akarudishiwa timu.

Kilichofuata ni msimu bora kuliko wote katika historia ya mpira wa ukanda huu. Geita Gold ilimaliza nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Ni nafasi ileile ambayo Ndayiragije aliipata na KMC, ila Minziro aliipata kwa kuanzia shimoni. Mshambuliaji wake, George Mpole, alifunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora wa ligi, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Tafakari hilo: Mayele alikuwa na viungo wa bei mbaya kuliko wote nchini wakimlisha, katika timu iliyomaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja. Mpole alikuwa analishwa na vijana waliokuwa Daraja la Kwanza mwaka mmoja kabla, kwenye uwanja wa Nyankumbu. Alipoondoka alikwenda Lupopo ya Lubumbashi, kwa hiyo kutoka mji wa dhahabu aliingia mji wa shaba.

Ilikuwa timu ya beki, ukiiangalia kwa makini. Haikumiliki mpira kwa muda mrefu. Ilikaa nyuma kwa utulivu, mabeki wa pembeni wakipanda kwa zamu na si kwa pamoja, na mpira uliponaswa ulitafuta njia fupi ya kumfikia Mpole. Waliopenda pasi nyingi waliiona kavu. Mimi niliiona kama kazi ya fundi aliyekagua mbao alizonazo kabla ya kuchora meza.

Nafasi ya nne iliipeleka Geita kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, Septemba 2022. Ilifungwa 1-0 na Hilal Alsahil ya Sudan, ikashinda 2-1 katika mechi ya marudiano, ikatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Safari ya kimataifa ya mkoa mzima iliishia kwenye bao moja lililoruhusiwa nyumbani. Kwa kocha aliyejengwa kwa kuzuia, sidhani kama kuna njia chungu zaidi ya kutolewa.

Aliondoka Geita mwaka 2023. Msimu wa 2023/24 timu ilipitia mikono kadhaa, ukiwamo wa Hemed Suleiman 'Morocco', ambaye Januari 2024 alijikuta anaiongoza Taifa Stars kwenye fainali za Afrika nchini Ivory Coast baada ya Adel Amrouche kufungiwa. Geita ikashuka pamoja na Mtibwa Sugar. Dhahabu haikuwa imeisha, na mgodi haukuwa umesimama kama ule wa Mwadui. Udhamini ulikuwapo, halmashauri ilikuwapo, na sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2017 ilikuwa inailazimu kampuni kupanga pamoja na halmashauri namna ya kurudisha sehemu ya faida kwa wananchi. Kwa hiyo kile kisingizio cha Mwadui hakipatikani Geita. Klabu iliyopanda kwa jasho la mtu mmoja anayeijua ilishindwa kujenga kitu ambacho kingebaki baada yake.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya mtindo mzima. Mgodi hulipa kwa msimu, na huweka jina lake kwenye jezi ili lionekane. Mpandishaji huajiriwa kwa msimu, ili mwenye jezi aonekane Ligi Kuu. Katikati yao hakuna anayelipwa kukaa miaka kumi Mhunze au Katoro ya Geita akifundisha watoto wa darasa la sita jinsi ya kusimama mbele ya winga. Julio na Minziro walikuwa na ujuzi huo mikononi, na kanda ilikuwa na fedha za kuununua. Ilinunua pointi.

Msimu wa 2024/25 Stand United na Geita Gold zilikutana kwenye mchujo wa kupanda kutoka Ligi ya Championship, jina jipya la Daraja la Kwanza. Chama la Wana wakapita, halafu wakafungwa na Fountain Gate katika hatua ya mwisho. Mkoa wa Shinyanga na mkoa wa Geita, pamoja na almasi na dhahabu zake zote, ikabaki bila timu Ligi Kuu.

Minziro msimu huo alikuwa jirani tu. Pamba Jiji ya Mwanza, timu iliyokulia kwenye fedha za zao ambalo wakulima wa Kishapu wanalivuna hadi leo, ilikuwa imerudi Ligi Kuu baada ya miaka 23. Aliyeipandisha ni Mbwana Makata. Aliyekabidhiwa timu ilipofika juu ni Goran Kopunović, Mserbia. Mechi za mwanzo zikaenda mrama, na Oktoba 2024 Pamba wakampigia simu Minziro. Akafika, akazuia, akaokota pointi moja hapa na tatu kule, na Pamba ikabaki.

Msimu wa 2025/26 Pamba ilianza ikiwa chini ya Francis Baraza, kutoka Kenya.